Keria tupu inavyokunywa mafuta yako njia ya Musoma–Mwanza

Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA ikitangaza bei kikomo za mafuta, dereva wa Musoma anafungua simu kuangalia mji wake umeandikiwa shilingi ngapi. Bei hiyo hana la kuifanya. Akijaza tenki pale sheli na kuondoka stendi ya Bweri kuelekea Bunda, kuna mlaji mwingine wa mafuta anayemsubiri njiani, na huyu hatangazwi na mtu. Ni hewa.

Watu wengi wanadhani mafuta yanaliwa na uzito wa gari, kiyoyozi na foleni. Mjini ni kweli kabisa. Lakini ukishapita Makutano na kukanyaga mafuta kwenye lami iliyonyooka, kazi kubwa ya injini inakuwa kuisukuma hewa iliyo mbele ya gari.

Hewa ina uzito, tena si mdogo. Hapa Musoma mita moja ya ujazo ya hewa ina takribani kilo moja. Gari dogo, tuseme Premio, lina uso wa mbele wa kama mita za mraba 2. Kwa hiyo kila kilomita moja unayokwenda, gari linasukuma pembeni hewa yenye uzito wa tani mbili hivi. Kutoka Musoma hadi Mwanza ni kilomita kama 220. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya tani 400 za hewa, na kila kilo umeilipia sheli.

Mwendo ndio unaoamua

Kanuni yenyewe ni fupi: nguvu ya ukinzani wa hewa inakua kwa mraba wa mwendo. Ukiongeza mwendo mara mbili, hewa inakuvuta nyuma mara nne. Kutoka 80 kwenda 100 unaona umeongeza robo tu, lakini ukinzani umepanda kwa asilimia 56. Ukifika 120, ni zaidi ya mara mbili ya ule wa 80.

Nimepiga hesabu ya karatasi kwa gari dogo la petroli lenye uzito wa kilo 1,200 pamoja na watu, tairi zenye upepo wa kutosha, barabara tambarare, hewa ya huku kwetu. Nimechukulia kwamba injini inageuza robo ya nishati ya petroli kuwa mwendo, na nyingine inapotea kama joto. Kwa mwendo wa 80 gari hilo linataka karibu lita 4 kwa kilomita 100. Kwa 100 linataka lita 5 na kidogo. Kwa 120 linakaribia lita 7. Ukiipeleka hesabu hiyo Musoma hadi Mwanza unapata kama lita 9, lita 11 na nusu, na lita 14 na nusu. Kwenye gari halisi tofauti inaweza kupungua kidogo, maana injini hufanya kazi kwa ufanisi zaidi ikibanwa kuliko ikikimbia bila mzigo. Hata hivyo mwelekeo haubadiliki.

Sasa angalia muda. Kilomita 220 kwa 80 ni saa 2 na dakika 45. Kwa 100 ni saa 2 na dakika 12. Dakika 33 ulizookoa zimekugharimu lita mbili na nusu hivi. Na hapo ni kama barabara ingekuwa haina matuta. Barabara yetu ina matuta Kiabakari, ina Bunda mjini, ina Lamadi, ina Magu, ina vibao vya 50 kila penye makazi. Anayekimbia 110 kati ya kijiji na kijiji anafika kwenye tuta lilelile, anafunga breki, na mafuta yote aliyochoma kuupata ule mwendo yanageuka joto kwenye pedi za breki. Mwenye 85 anamkuta palepale. Mara ngapi umempita mtu kabla ya Bunda kisha ukamkuta anasubiri nyuma yako mizani au kwenye tuta?

Mabasi na magari yenye uzito mkubwa, zaidi ya tani 3.5, sheria imeyawekea kikomo cha 80. Mabasi ya mikoani yanafuatiliwa na LATRA kwa kifaa cha VTS. Abiria wanalalamika basi linatambaa, lakini kwa kichwa kipana kama kile, mwenye basi angekuwa wa kwanza kushukuru akiona risiti zake za dizeli.

Keria na mizigo ya juu

Hapa ndipo penye hela nyingi inayomwagika kwenye Probox zetu, zile ambazo Kanda ya Ziwa tunaziita michomoko. Keria inafungwa siku ya kwanza gari linapoingia kazini na haifunguliwi tena mpaka gari linauzwa. Nusu ya safari iko tupu. Vyuma vyembamba vya mviringo unaviona havina neno, lakini kila kimoja kinaichana hewa na kuacha vurugu nyuma yake, halafu vurugu hiyo inapita juu ya paa zima. Ukisikia mlio wa filimbi juu ya kichwa ukiwa 90, huo mlio unaendeshwa na mafuta yako.

Keria yenye mzigo ni habari nyingine. Gunia za dagaa au mikungu ya ndizi ya Tarime iliyopangwa kwa upana wa mita 1.2 na kimo cha nusu mita inaongeza uso wa mita za mraba 0.6. Gari lililokuwa na uso wa 2.1 limeongezewa zaidi ya robo, tena kwa umbo baya kuliko gari lenyewe, maana gunia halina pua ya kuigawa hewa.

Idara ya Nishati ya Marekani inawaambia madereva wake kwamba sanduku kubwa la mizigo juu ya paa linapunguza umbali unaopata kwa lita moja kwa asilimia 2 hadi 8 mjini, 6 hadi 17 kwenye barabara kuu, na 10 hadi 25 ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 105 hadi 120 kwa saa. Mzigo uleule ukiwekwa nyuma ya gari badala ya juu, hasara inashuka hadi asilimia 1 au 2 mjini na 1 hadi 5 kwenye barabara kuu. Na hayo ni masanduku yaliyotengenezwa kiwandani. Gunia lililofunikwa turubai linalopigapiga upepo sitegemei lifanye vizuri zaidi.

Kwa hiyo cha kwanza, kama huna mzigo, fungua keria. Ni nati nne au sita na dakika kumi. Mzigo unaoweza kuingia buti au kwenye siti ya nyuma uingie huko. Ukilazimika kupakia juu, laza badala ya kusimamisha, panga vitu vifupi mbele na virefu nyuma yake, na turubai livutwe likaze mpaka lisiweze kucheza. Kwa mwenye michomoko najua jibu lake: abiria ndio wamejaa buti. Basi angalau siku unayorudi tupu kutoka Bunda usirudi na mwendo wa 110 na keria juu.

Vumbi la kioo cha nyuma

Ukitaka kuona hewa inavyofanya kazi, huhitaji maabara. Toka lami, ingia barabara ya vumbi vijijini Butiama, kisha simama uangalie nyuma ya magari mawili. Noah au Probox kioo chake cha nyuma kimefunikwa vumbi mpaka unaweza kuandika jina lako. Gari la buti lililochongoka nyuma, kioo chake kina nafuu.

Vumbi limepandaje pale wakati gari linakimbia kwenda mbele? Ni kwamba gari lenye mgongo uliokatwa wima linaacha shimo la hewa nyepesi nyuma yake. Hewa iliyopita pembeni haiwezi kukunja kona kali kiasi kile, inaachia mwili wa gari na kuanza kuzunguka. Ule mzunguko unalivuta vumbi juu na kulibandika kwenye kioo, na wakati huohuo unalivuta gari zima kurudi nyuma. Watu wanahangaikia pua ya gari, kumbe mkia una shida kubwa kuliko pua. Samaki wa ziwani ana kichwa kinene na mkia unaopungua taratibu, na ndivyo wahandisi walivyokuja kujifunza. Mjerumani Wunibald Kamm, miaka ya 1930, alionyesha kwamba huhitaji mkia mrefu wa samaki mzima: teremsha paa taratibu, kisha ukate ghafla, utapata sehemu kubwa ya faida. Toyota Prius iliyotoka 2003 inafuata umbo hilo, ndiyo maana mgongo wake unaonekana kama umekatwa na panga.

Na hapa kuna kisa ninachokipenda. Mwaka 1973 mhandisi wa NASA kule California, Edwin Saltzman, alikuwa akienda kazini kwa baiskeli. Kila lori lilipompita aliona linamsukuma pembeni kwanza, kisha linamvuta. Mtu yeyote aliyewahi kuendesha baiskeli kandokando ya barabara ya Bunda akapitwa na Coaster anaujua mshtuko huo. Saltzman na wenzake walichukua gari la mizigo, wakalifunika mabati likawa boksi lenye kona kali, kisha wakaanza kulainisha kona moja moja. Kulainisha kona za wima za mbele na nyuma peke yake kulipunguza ukinzani kwa asilimia 40, na nafasi ya ndani ya mizigo ilipungua kwa asilimia 1.3 tu. Malori mengi ya leo yenye bodi za duara mbele na ngao juu ya kichwa yalianzia huko.

Fundi wetu anayeunda bodi ya Fuso kwa bati na mbao anaweza kulifanya hili kesho asubuhi. Kona ya mbele ikikunjwa kwa duara badala ya kuchomelewa pembe kali haihitaji kiwanda. Na bodi isipande nusu mita juu ya kichwa cha gari bila kitu cha kuipitisha hewa.

Vitu vidogo, na vingine vya kuviacha

Chini ya gari lililotoka Japani kuna plastiki pana inayofunika sehemu ya chini ya injini. Fundi akimwaga oili anaifungua, klipu zinavunjika, na plastiki inaishia nyuma ya gereji. Watu wanadhani ni ya kuzuia matope tu. Inazuia matope, lakini pia inaifanya hewa iteleze chini badala ya kugonga sampu, eksozi na vyuma vya sasipenshen. Faida yake si kubwa kama ya keria, ila ulishailipia wakati unanunua gari. Mwambie fundi airudishe, klipu zinauzwa.

Kunyanyua gari kwa spesa ni suala la kupima. Gari likipanda juu, hewa nyingi zaidi inapita chini ambako ndiko kubaya zaidi, na tairi zinakaa wazi. Kama wewe ni wa Butiama ndani, barabara za vijijini zenye mawe, mimi nisingekushauri ushushe gari uje kupasua sampu kwa sababu ya nusu lita. Lakini kama gari lako halitoki Musoma mjini na lami ya Mwanza, jiulize umelinyanyulia nini. Ndivyo ilivyo kwa tairi pana zinazotokeza nje ya bodi na vyuma vizito vya kukinga bampa la mbele.

Madirisha: mwendo wa mjini fungua upendavyo. Ukivuka 80, yafunge utumie tundu za hewa au kiyoyozi. Tofauti yake ni ndogo, usigombane na abiria kwa hilo.

Pikapu, watu wanashusha lile geti la nyuma wakidhani hewa itapita vizuri. Vipimo vingi vimeonyesha haisaidii, na mara nyingine inaongeza matumizi. Geti likiwa limefungwa hewa inazunguka ndani ya bodi kama mto wa kulalia, na hewa ya juu inateleza juu yake. Liache limefungwa.

Kuziba grili kwa boksi ili hewa isiingie kwenye injini kunasaidia kidogo nchi za baridi. Kwa rejeta kuukuu na jua la Mara, utaokoa mafuta ya elfu mbili halafu ununue gasketi. Kung'oa vioo vya pembeni usifikirie.

Kuna wanaoshuka mlima wakiwa wameweka fri. Gari la kisasa la injekta, ukiachia mafuta likiwa kwenye gia, linakata petroli lenyewe, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka fri injini inadai mafuta ya sailensa, na breki unabaki nayo peke yake.

Kufuata mkia wa basi

Hili nalisema peke yake kwa sababu ni kweli kwamba linapunguza mafuta. Ukijibanza nyuma ya basi unaingia kwenye lile shimo la hewa nyepesi, na sindano ya matumizi inashuka. Lakini ili uipate faida ya maana unatakiwa uwe mita chache tu nyuma yake. Kwa mwendo wa 80 gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Kabla mguu haujafika kwenye breki umeshaingia chini ya bampa lake, na mbele huoni kitu: si ng'ombe, si tuta, si gari linalokuja.

Tarehe 5 Septemba 2014, pale Sabasaba wilayani Butiama, mabasi mawili yaligongana na gari dogo likahusika, wakafa watu zaidi ya 30. Sisemi kilichowaua ni kufuatana kwa karibu. Nasema hiyo ndiyo barabara yenyewe tunayoizungumzia, na wengi wetu tuna mtu tunayemkumbuka tukipita pale. Acha nafasi ya sekunde tatu, hata kama inakugharimu.

Ziwa nalo lina mkono wake

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kama sehemu moja ya kumi, na ukinzani kwa mwendo uleule unapungua hivyohivyo. Dereva aliyetoka Dar akisema gari lake huku linateleza, hadanganyi sana. (Injini nayo inapata hewa pungufu, ndiyo maana kwenye mlima linachoka mapema.)

Upepo ndio watu wanausahau. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, upepo unatoka ziwani kuja kwetu. Usiku hadi alfajiri unageuka. Ukitoka Butiama alasiri kurudi Musoma unakwenda upande wa ziwa, upepo uko usoni. Gari linalosoma 90 kwenye dashibodi, na upepo wa 15 unakuja mbele, kwa hewa ni gari la 105. Ukinzani umepanda kwa zaidi ya theluthi na wewe hujagusa kitu. Safari za alasiri kuelekea mjini ndizo za kupunguza mwendo kidogo, na asubuhi unapokwenda Butiama upepo wa nchi kavu, kama bado unavuma, unakukabili vilevile.

Hata kubana mafuta si jambo geni nchini. Wazee wanakumbuka enzi za shida ya mafuta, magari binafsi yalipozuiwa kutembea Jumapili kuanzia mchana. Wamarekani nao mwaka 1974 walishusha kikomo cha barabara kuu hadi kama kilomita 88 kwa saa, kwa sababu hiihii ya mraba wa mwendo. Na Mwalimu, Oktoba 1967, alitoka Butiama hadi Mwanza kwa miguu kuliunga mkono Azimio la Arusha. Matumizi ya petroli: sifuri.

Pima mwenyewe

Usiniamini mimi, wala fundi, wala mtu wa dukani anayekuuzia kidude cha kupunguza mafuta. Jaza tenki sheli ileile, pampu ileile, mpaka ijikate yenyewe mara ya kwanza, usiongezee. Piga picha kilomita za dashibodi kwa simu. Pima upepo wa tairi asubuhi zikiwa baridi, maana tairi laini litakuharibia jibu. Nenda na urudi siku hiyohiyo ili upepo na milima vifutane, kisha jaza tena palepale. Lita ulizoongeza gawanya kwa kilomita, zidisha kwa 100.

Fanya hivyo mara tatu ukiwa na keria na mwendo wako wa kawaida. Halafu mara tatu bila keria, sindano isipite 85. Abiria na mizigo wawe sawasawa. Badili kitu kimoja kwa wakati kama una subira, utajua ni keria au ni mguu. Kwa magari mengi ya hapa nadhani utakuta ni mguu, na keria inafuata kwa karibu.

Kama gari lako ni la Musoma mjini tu, Nyasho hadi Mwigobero na kurudi, mwendo hauvuki 50, haya yote yaache. Huko mafuta yako yanaliwa na kukanyaga na kufunga breki, tairi zisizo na upepo, na injini inayounguruma ukisubiri abiria mmoja wa mwisho.